Orodha Ndefu Yataka Vichwa

MAARIFA YA NYUMBANI

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Kwa jamaa nyingi za askari wa siku hizi, daftari hilo limo ndani ya simu ya mkononi. Humo mna majina ya ndugu na ya wakubwa wa kazi, stakabadhi za fedha zilizotumwa na zilizopokewa, ujumbe wa kila siku na picha za watoto. Vyote hivyo huonekana kwa namna moja: orodha ya mistari inayosogezwa kwa kidole, juu na chini.

Orodha ya majina ishirini haimsumbui mtu. Orodha ya majina mia nne, au ya malipo ya mwaka mzima, ni jambo jingine. Chukua mfano wa askari aliyepelekwa kazini mbali na nyumbani, ambaye kila mwezi humtumia mkewe fedha kwa simu. Mkewe naye hulipa karo ya shule kwa simu hiyo hiyo. Muhula wa pili unapoanza, mhasibu wa shule anasema kwamba karo ya muhula wa kwanza haionekani kitabuni, na anataka stakabadhi. Mama anafungua simu mbele ya dirisha la ofisi, wazazi wengine wakiwa wamepanga mstari nyuma yake, naye anasogeza: sukari, umeme, nauli, muda wa maongezi, umeme tena, mchango wa msiba, unga. Miezi inapita chini ya kidole bila kujulikana imepita mingapi. Asipoiona ile stakabadhi, mtoto atarudishwa nyumbani. Fedha ilikwisha lipwa, ushahidi upo, wala mama si mzembe. Kilichokosekana ni neno moja tu juu ya malipo ya mwezi ule: Januari.

Neno hilo ndilo kichwa cha fungu. Ni jambo dogo kwa kutazama, lakini ndilo linalotenganisha orodha inayomtumikia mwenye simu na orodha inayomchosha. Yafaa jamaa waelewe jinsi linavyofanya kazi, na vijana wanaojifunza kutunga programu za simu waelewe mahali ambapo mara nyingi huharibika.

KAZI YA KICHWA

Kichwa cha fungu si kitu kigeni kwa askari. Kitabu cha matukio katika kituo cha polisi hupangwa kwa tarehe. Daftari la ghala la kikosi hutenga sare, viatu, mablanketi na vyombo vya jikoni, kila kimoja mahali pake. Kamusi huweka herufi A juu ya maneno yanayoanza kwa A. Mtu anayetafuta jozi moja ya viatu hasomi daftari zima. Husoma vichwa, akafika kwenye fungu linalomhusu, kisha akasoma mistari michache ya fungu hilo.

Hesabu yake ni nyepesi. Malipo 360 ya mwaka yasipokuwa na vichwa, mtafutaji huenda akalazimika kuyapitia yote 360. Yakigawanywa kwa miezi 12, yenye malipo 30 kila mmoja, atapitia vichwa 12 na mistari 30, yaani mistari 42 kwa wingi wake. Tofauti hiyo ndiyo subira ya watu waliopanga mstari mbele ya dirisha la mhasibu.

Katika kitabu, kichwa huweza kurudiwa juu ya kila ukurasa ili msomaji asipotee. Kioo cha simu hakina kurasa. Kichwa kikipita juu ya kioo hutoweka, na mtu aliye katikati ya fungu refu hajui tena yuko mwezi gani. Kwa sababu hiyo kulibuniwa kichwa kinachoganda: fungu linaposogezwa, kichwa chake hubaki juu ya kioo mpaka kichwa kinachofuata kije kukisukuma. Simu za iPhone zimekuwa na tabia hiyo katika orodha zake za kawaida tangu mwaka 2008, Apple ilipowafungulia mlango watunga programu wa nje. Upande wa Android, chombo cha orodha kiitwacho RecyclerView, kilichotolewa na Google mwaka 2014, hakikuja na kichwa cha namna hiyo. Mtunga programu hukiunda kwa mkono wake. Chombo cha baadaye, Jetpack Compose, kilichotolewa rasmi mwaka 2021, kimeipunguza kazi hiyo. Ndiyo maana programu mbili zinazofanya kazi moja huweza kuwa na tabia tofauti: moja imewekewa vichwa vilivyoganda, nyingine imeachwa bila hivyo.

VICHWA VIFUATE SWALI LA MTAFUTAJI

Kosa la kwanza la watunga programu wengi ni kuchagua vichwa vinavyoirahisishia mashine kazi, bila kuuliza mtumiaji anatafuta nini. Mfano ulio wazi kabisa ni orodha ya majina.

Simu hupanga majina kwa abjadi, ikaweka A juu ya majina ya A, B juu ya majina ya B, na kuendelea. Mpango huo hufaa pale majina yanapoandikwa kama yalivyo katika vyeti. Lakini katika nchi zetu heshima na udugu hutangulia jina. Katika simu ya nyumba moja wamo Mama Asha, Mama Neema, Mama Mkubwa, Mzee wa duka, Mjomba, Mwalimu wa hesabu, Mchungaji, Mkunga, Mwenyekiti, Muuza maziwa na Mwenye nyumba. Wote hao wameangukia chini ya M. Chini ya B wamejaa Baba, Babu, Bibi, Binamu na Bwana. Chini ya S wako Shangazi na Shemeji. Katika simu ya askari, A imemezwa na Afande. Chini ya Q na X hapana mtu.

Vichwa hivyo vimeandikwa sawasawa, wala hapana kosa la abjadi. Hata hivyo fungu la majina 120 chini ya M ni orodha nyingine isiyo na vichwa. Mtunga programu anayewajua watu wake angetambua kwamba neno la kwanza likiwa Mama au Mzee au Afande, fungu hilo lahitaji vichwa vidogo ndani yake. Au angempa mwenye simu nafasi ya kupanga kwa mafungu ya maisha yake: Dharura, Ukoo, Kazi, Shule, Afya, Biashara.

Kanuni ni hii: kichwa kijibu swali ambalo mtafutaji anakuja nalo. Anayetafuta malipo huja na swali la lini, au la kwa nani. Anayetafuta picha huja na swali la lini na wapi. Mama ambaye mtoto wake ameshikwa na homa kali usiku, baba akiwa lindoni, hana haja ya kukumbuka kama alimwandika mhudumu wa zahanati kwa Z, kwa M au kwa D. Swali lake ni moja: nani atanisaidia sasa? Orodha inayomfaa ni ile yenye kichwa cha Dharura mahali pa juu kabisa.

Kutoka hapo hufuata kanuni nyingine mbili. Kichwa kisicho na mstari chini yake kisionyeshwe, kwani mtu hugonga mlango kwa sababu anatumaini kuwa ndani mna mwenyeji. Na vichwa visizidi kiasi. Majina thelathini yakiwekewa vichwa ishirini, vichwa vyenyewe vitakuwa ndiyo mzigo, na kioo kidogo kitaonyesha vyeo kuliko watu.

PANGA KWANZA, KICHWA BAADAYE

Mashine haijui Januari ni nini. Njia ambayo programu nyingi hutumia kuweka vichwa ni hii: husoma mstari mmoja baada ya mwingine, na kila inapoona kwamba mwezi wa mstari huu si mwezi wa mstari uliotangulia, huweka kichwa kipya. Njia hiyo ni nzuri, almuradi mistari iwe imekwisha pangwa kwa tarehe.

Ikiwa mistari imepangwa kwa jina la aliyelipwa, ilhali vichwa vinawekwa kwa mwezi, matokeo yatakuwa fujo: Januari, Machi, Januari, Februari, Machi, Januari. Mtumiaji ataona kichwa cha Januari, atasoma malipo mawili chini yake, na ataamini kwamba mwezi ule alilipa mara mbili tu. Karo itakuwa imelala chini ya Januari ya tatu, mbali huko chini. Orodha ya namna hiyo ni mbaya kuliko isiyo na vichwa kabisa, maana isiyo na vichwa humwacha mtu aendelee kutafuta, bali hii humwambia uongo naye akaacha kutafuta.

Basi utaratibu hauna budi kuwa huu: amua swali, panga mistari kwa jibu la swali hilo, ndipo uweke vichwa kwa jibu lilo hilo. Ndani ya fungu, mistari ipangwe kwa mpango wa pili unaoeleweka, kama vile tarehe ya karibuni kutangulia.

SAHANI CHACHE, WALAJI WENGI

Watu hudhani kwamba simu yenye orodha ya mistari elfu moja huchora mistari yote elfu moja. Sivyo. Ingefanya hivyo, simu za bei nafuu zingekwama. Kioo huonyesha mistari kumi hivi kwa wakati mmoja, na simu hutengeneza hiyo kumi na michache ya akiba. Mstari unapotoka juu ya kioo haufi. Hufutwa, hujazwa habari mpya, na huletwa chini kama mstari mwingine.

Mambo haya yafanana na sahani za mesi. Kikosi cha watu mia tatu chaweza kula kwa sahani sitini, ikiwa kila anayemaliza anarudisha sahani yake, inaoshwa, na inapewa mwingine. Lakini sahani isipooshwa vizuri, mlaji wa pili atakuta mabaki ya wa kwanza.

Ndivyo inavyotokea katika simu. Mstari uliokuwa na alama ya "imelipwa" ukichukuliwa bila kufutwa, alama ile hubaki juu ya deni ambalo halijalipwa. Mstari uliokuwa kichwa, wenye herufi nene na rangi ya kijivu, ukitumika tena kwa jina la mtu, mtu huyo huonekana kama kichwa. Ndiyo sababu watunga programu wenye uangalifu hutenga sahani za namna mbili, za vichwa na za mistari ya kawaida, zisichanganyike kabatini. Tena, kila sahani huoshwa yote kabla ya kupakuliwa chakula: maandishi, rangi, alama na picha. Mwenye simu akiona alama zinazobadilika kila anaposogeza orodha juu na chini, ajue kwamba ubovu uko katika programu, wala si katika macho yake.

HESABU INAYOPELEKA FEDHA KWA MTU MWINGINE

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika kuhesabu. iPhone na Android huhesabu kwa namna mbili tofauti. Katika mpango wa zamani wa iPhone, simu huiuliza programu maswali: yako mafungu mangapi, kila fungu lina mistari mingapi, na kichwa chake ni nini. Kichwa kimewekwa kando, hakihesabiwi pamoja na mistari. Katika RecyclerView ya Android, simu haijui fungu ni nini. Inajua mistari tu, na mtunga programu anayetaka kichwa hukiingiza kama mstari wa namna ya pili katikati ya mistari mingine.

Tazama majina matano: Amina, Asha, Bahati, Bakari na Juma. Bila vichwa, Bahati ni wa tatu na Juma ni wa tano. Sasa weka vichwa. Mstari wa kwanza ni kichwa A, wa pili Amina, wa tatu Asha, wa nne kichwa B, wa tano Bahati, wa sita Bakari, wa saba kichwa J, wa nane Juma. Mtumiaji anamgusa Bahati. Simu inasema, umeguswa mstari wa tano. Mtunga programu aliyesahau kuondoa vichwa viwili vilivyotangulia huenda kwenye orodha yake ya majina na kumchukua wa tano. Wa tano ni Juma.

Katika orodha ya nyimbo, kosa hilo litapiga wimbo usiotakiwa, na watu watacheka. Katika orodha ya watu wa kutumiwa fedha, posho ya mama mzazi itakwenda kwa mtu mwingine. Kurudisha fedha iliyokwisha kutumwa huhitaji maombi na kusubiri, na pengine aliyepokea amekwisha itoa. Yafaa mtunga programu asitegemee namba ya mstari hata kidogo. Kila mstari uchukue ndani yake utambulisho wa mtu mwenyewe, kama askari avaavyo namba yake popote aliposimama katika gwaride. Hapo vichwa vikiongezeka au vikipungua, Bahati atabaki kuwa Bahati.

Mtumiaji naye ana ulinzi wake: asithibitishe malipo kabla ya kusoma jina na namba vinavyoonyeshwa katika ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo ndio mlinzi wa lango, na mlinzi wa lango hapitwi kwa haraka.

LEO NI SIKU GANI?

Vichwa vya siku, kama Leo, Jana na Juzi, hupendeza kwa kuwa husemwa kama watu wasemavyo. Lakini vina mitego yake, hasa kwa watu wanaofanya kazi usiku.

Kompyuta nyingi zinazohifadhi malipo huandika saa za ulimwengu, ziitwazo UTC. Kenya, Uganda na Tanzania ziko mbele ya saa hizo kwa saa 3. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko mbele kwa saa 2. Tuseme askari wa Uganda amemaliza lindo na kutuma fedha saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 5 Machi 2025. Kwa saa za ulimwengu ilikuwa bado Jumanne tarehe 4, saa nne na nusu usiku. Programu isiyogeuza saa kabla ya kuweka vichwa itayaweka malipo hayo chini ya Jumanne. Na yakiwa yamefanywa usiku wa kuamkia tarehe 1, yataangukia chini ya mwezi uliopita, na hesabu ya nyumba ya miezi miwili itaharibika kwa pigo moja. Dawa yake ni kuhifadhi kwa saa za ulimwengu ikiwa lazima, lakini vichwa viwekwe kwa saa za mahali alipo mwenye simu.

Mtego wa pili ni wa lugha. Kwa hesabu ya Waswahili tangu zamani, siku huanza jua linapotua, na usiku wa Jumatano ni ule unaoitangulia Jumatano. Kwa hesabu ya saa ya ukutani, wengine huelewa kwamba ni usiku unaofuata mchana wa Jumatano. Orodha ya zamu ikiwa na kichwa "Usiku wa Jumatano", walinzi wawili huweza kuelewa siku mbili tofauti, na lindo likabaki tupu usiku kucha. Kiswahili kimekwisha toa dawa: "Usiku wa kuamkia Jumatano, 5 Machi". Kichwa hicho ni kirefu kidogo, lakini hakina mlango wa pili.

Mtego wa tatu ni kichwa kinachochakaa. Simu iliyoachwa wazi saa tano usiku na kutazamwa tena saa saba itaendelea kuyaita malipo ya jioni kuwa ya Leo, ilhali siku imekwisha geuka. Programu nzuri hupanga upya vichwa usiku wa manane unapopita, na huandika tarehe pamoja na neno: "Jana, 4 Machi".

ORODHA INAYOKUJA KIDOGO KIDOGO

Orodha ndefu haiji yote kwa mara moja kutoka kwenye mtandao. Huja ishirini ishirini, au hamsini hamsini, kadiri mtu anavyosogeza. Huenda malipo ya Februari yakakatwa katikati: kumi na mawili yamekuja, tisa bado yako njiani.

Makosa mawili hutokea hapo. La kwanza, shehena ya pili inapofika, programu huweka tena kichwa cha Februari, kana kwamba mwaka una Februari mbili. Inatosha kuulinganisha mstari wa kwanza wa shehena mpya na wa mwisho wa shehena ya zamani kabla ya kuweka kichwa. La pili ni baya zaidi. Programu nyingine huandika jumla ya fedha kando ya kichwa. Jumla hiyo ikihesabiwa kwa mistari iliyokwisha kufika tu, Februari itaonyesha matumizi madogo kuliko yaliyofanyika. Mume aliye mbali anayeuliza kwa simu fedha ya mwezi imekwendaje ataambiwa namba moja asubuhi na nyingine jioni, na neno la aibu litasemwa nyumbani pasipo hatia ya mtu. Jumla itolewe na kompyuta inayohifadhi hesabu yote, au isionyeshwe mpaka mwezi wote uwe umefika.

KICHWA KISIKIKE PIA

Wako askari waliopoteza macho kazini, na wako wazazi ambao macho yao yamechoka. Tangu mwaka 2009 simu za iPhone na za Android zina msomaji wa sauti, VoiceOver upande mmoja na TalkBack upande wa pili, anayetamka yaliyo kwenye kioo. Mwenye kuona hutambua kichwa kwa unene wa herufi na rangi yake. Asiyeona hana habari ya unene wala rangi. Kwake, kichwa kisichotangazwa kuwa kichwa ni mstari kama mingine, na itambidi asikilize malipo yote moja baada ya moja.

Shirika la kimataifa la viwango vya mtandao, W3C, liliweka wazi katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kwamba mpangilio unaoonyeshwa kwa macho sharti uweze kutambuliwa na mashine pia. Kwa iPhone, mtunga programu hukitia kichwa alama ya kuwa kichwa. Kwa Android, njia ya moja kwa moja ya kufanya hivyo ilikuja na toleo la 9 mwaka 2018. Alama hiyo ikiwekwa, asiyeona huruka kutoka Januari hadi Februari hadi Machi, na kusimama anapotaka. Kuiandika ni kazi ya dakika chache. Kuiacha ni sawa na kumnyima askari aliyejeruhiwa daftari la mali yake mwenyewe.

Kwa wenye macho hafifu, kichwa kikue pamoja na maandishi mengine mtu anapoongeza ukubwa wa herufi. Kichwa kilichofungiwa kimo kimoja hukatwa katikati, na Januari huwa "Janu".

YA KUFANYA NYUMBANI

Jamaa hawana budi kungoja watunga programu kwa mambo mengine, lakini yako wanayoweza kuyafanya leo.

Kwa majina, neno la fungu litangulie: "Shule Mwalimu Mkuu", "Shule Mhasibu", "Afya Zahanati", "Afya Mkunga". Simu itayakusanya pamoja kwa abjadi yake yenyewe, bila kuhitaji programu mpya. Namba za dharura zianze kwa "AA", ili zikae juu ya zote; na watoto waliokwisha kujua kusoma waonyeshwe mahali zilipo.

Kwa malipo, yafaa mwishoni mwa kila mwezi kuomba taarifa ya mwezi huo na kuiweka mahali pake, na stakabadhi za karo, kodi ya nyumba na matibabu zinakiliwe katika daftari la karatasi kwa tarehe na namba. Simu huibwa, huanguka majini, huisha chaji.

Askari na polisi wana tahadhari moja zaidi. Kichwa kinachomsaidia mwenye simu kupata watu haraka humsaidia mwizi vile vile. Fungu lenye kichwa cha jina la kikosi, pamoja na vyeo na namba za waliomo, ni zawadi kwa adui. Majina ya kazini yaandikwe bila vyeo wala vikosi, zamu zisiandikwe katika simu pasipo ruhusa ya mkuu, na simu ifungwe kwa namba ya siri.

Kijana wa kikosi au binti wa nyumbani anayejifunza kutunga programu aijaribu orodha yake kwa mambo haya kabla ya kuwapa watu: majina mia moja yanayoanza kwa M, orodha tupu, orodha ya mstari mmoja, malipo ya saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1, herufi zilizokuzwa hadi mwisho, na msomaji wa sauti, yeye mwenyewe akiwa amefumba macho. Kisha ampe mama wa nyumbani simu hiyo, amwombe atafute karo ya Januari, na anyamaze. Mama akiipata bila kuuliza, vichwa vimekaa mahali pake. Akiuliza, swali lake ndilo kichwa kilichokosekana.